Leseni ya Kumwita Yeyote

Mutukula, afisa forodha aliilaza redio yangu
chali, kama anayemtoa mbwa kupe.
"Hii inatangaza nini?"
Haitangazi, nikamwambia. Inaita.
"Inamwita nani?"
Sikuwa na jina la kumpa.
Ikabaki stoo na bunda la vitenge vya magendo
na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele;
nami nikapanda Kabale na stakabadhi mfukoni.

Miezi saba.
Barua ya mwajiri: huyu ni fundi wa majokofu,
chanjo za hospitali zinamtegemea.
Kibali cha kazi, nakala tatu. Pasipoti, nakala tatu.
Leseni ya kwetu, imechakaa kwenye mikunjo
hata mwaka wake umekatika katikati.
Kampala, ghorofa ya nne, lifti mbovu,
Bi Nakibuuka aliifuata fomu kwa kidole:
"Sababu ya kuomba. Umeandika: mazungumzo.
Simu huna?"
Ninayo.
"Sasa unataka kuongea na nani, ndugu yangu?"
Yeyote atakayejibu.
Akanitazama kitambo. Nje mvua ilianza.
Akatafuta kidau cha wino, akagonga muhuri.

Wakanipa jina: tano, X, tarakimu,
na herufi mbili za mwisho nilizoziomba mwenyewe.
K na M.
Kasanda Maganga, mpiga telegrafu wa stesheni ya Tabora,
aliyeomba chumvi kwa kijiko juu ya sahani ya bati,
na mama akaisogeza bila kuinua macho.
Taa-ti-taa. Taa-taa.
Hiyo K ikiwa peke yake, baba alinifunza, maana yake:
haya, sema wewe.

Redio nikaikomboa. Waya nikaufunga
toka mkaratusi hadi pembe ya paa, mita ishirini,
umebonyea katikati kama mgongo wa ng'ombe mzee.
Asubuhi Mama Kyomuhangi, mwenye nyumba,
aliutazama, akasema "Webare,"
akaanika mashuka mawili na sketi ya shule.
Nikamweleza mawimbi, anga, Japani.
Sketi akaitoa.
Mashuka akayaacha. Kabale jua halisubiri maelezo.

Mchana ni mgeni hadi kwenye salamu.
Kirukiga changu kinachechemea;
nikikimbilia Kiswahili, watu wazima wanasikia buti.
Muuza viazi mmoja, bibi wa rika la mama,
nilimwambia shikamoo
akarudisha mkono ndani ya shuka lake.
Aliniuzia. Chenji aliiweka juu ya gunia.
Sikumlaumu. Neno lile lilifika kwake
kabla yangu, likiwa na bunduki.

Usiku, ukungu ukishaziba bonde,
navaa koti, nawasha betri.
Taa-ti-taa-ti, taa-taa-ti-taa:
mliopo, mliopo, yeyote aliyepo.
Mwalimu mstaafu wa Hokkaido alijibu. Anafuga nyuki.
Kijana wa Omsk alituma hali ya hewa tu:
hasi thelathini, na wewe?
Nyuzi kumi na moja, nikampigia, nikaona haya
kwa jinsi nilivyokuwa nikitetemeka.

Juzi ikaja alama ya kwetu. Tano, H.
Mkono mzito, wa mtu wa makamo,
kwa kile Kiingereza kifupi cha mitambo:
asante kwa wito, rafiki wa Uganda,
siku moja uje uione Tanzania.
K.

Kidole kikaganda juu ya kibonyezo.
Haya, sema wewe.
Nilifikiria kumtajia mtaa, shule, mwembe uliokatwa
kupisha bomba la maji.
Nikapiga: shikamoo.

Mchakarisho. Mchakarisho mrefu,
kama mchele unapepetwa chumba cha pili.
Nikadhani anga limefunga. Nikadhani mengine pia.
Halafu, herufi kwa herufi,
kama mtu anayevua viatu mlangoni:
m, a, r, a,
h, a, b,
na ile a ya mwisho, ti-taa, aliipiga mara mbili.

Asubuhi nilitoka kuangalia waya.
Sketi ya shule ilikuwa imerudi.